Seti nne au seti ishirini? (Na habari ndefu ya mikebe)

OMARI: Haya, inarikodi. Shee, usianze na salamu ndefu, magharibi haiko mbali.

SHEE: Assalamu alaikum wasikilizaji. Ndefu hiyo? Leo tulipanga mambo matatu ya kujenga misuli: seti ngapi kwa wiki (seti ni mzunguko mmoja wa kuinua chuma bila kupumzika), kupumzika kati ya seti, na protini. Lakini wiki hii pale Langoni, hapa Lamu, kijana mmoja kanipa karatasi niikague. Programu ya kifua. Mazoezi sita, kila moja seti 5, zote Jumatatu.

OMARI: Seti 30.

SHEE: Halafu kifua hakiguswi mpaka Jumatatu nyingine.

OMARI: Mimi tatizo langu ni hilo la siku moja. Akifika seti ya kumi na kitu, kifua kimeshachoka, anasukuma uzito mdogo sana kwa mikono na mabega. Zilizobaki ni jasho tu. Agawe: 8 Jumatatu, 8 Alhamisi, zile nyingine atupe.

SHEE: Mimi ningemwachia 4 kwa wiki.

OMARI: Nilijua. Sasa hivi atamtaja Yates.

SHEE: Dorian Yates, Muingereza wa Birmingham, bingwa wa Mr. Olympia, shindano kubwa la watunisha misuli, mara 6 mfululizo, 1992 hadi 1997...

OMARI: Huyo hapo.

SHEE: ...seti moja ya kweli kwa kila zoezi, mpaka chuma kinagoma. Na nyuma yake Mike Mentzer aliyefundisha njia hiyo, na nyuma ya Mentzer Arthur Jones mwenye mashine za mazoezi za Nautilus. Watu hawa hawakuwa wavivu.

OMARI: Hakuna aliyesema wavivu. Ila kabla ya hiyo "seti moja" Yates alikuwa anapasha moto kwa seti nzito nzito, na mazoezi yenyewe yalikuwa kadhaa kwa kila msuli. Ukihesabu vizuri si moja. Na 1994 baiseps, msuli wa mbele wa mkono, ilichanika, 1997 traiseps, ule wa nyuma. Wewe unamtaja kwa vikombe, mtaje na kwa majeraha.

SHEE: Na Arnold Schwarzenegger na seti zake ishirini mabega hayakumuuma? Twende. Nikamwuliza kijana, unasukuma kilo ngapi? Akanijibu: mikebe.

OMARI: Mikebe ya rangi?

SHEE: Ya lita 4, kajaza simiti, na paipu katikati. Hajui uzito.

OMARI: Uzito si siri. Zege lita moja ni kama kilo 2.4. Lita 4, kilo 9 na nusu na kitu. Mara mbili, kumi na tisa. Paipu ya chuma ya inchi moja, mita 2, kilo 5 hivi. Ni chuma cha kilo 25.

SHEE: Kama pande zote ziko sawa. Wanajaza mkebe wa kwanza kokoto tupu, wa pili ukawa mchanga mwingi, paipu inalala upande. Bega la kushoto linafanya kazi ya peke yake mwaka mzima.

OMARI: Ndiyo maana unachanganya zege lote mara moja: simiti moja, mchanga mbili, kokoto tatu, maji kidogo, lishikane kama ugali. Ukilifanya uji linapasuka. Unamimina mkebe wa kwanza, unasimamisha paipu wima, unaifunga kwa kamba kwenye nguzo pande tatu isiiname. Siku ya pili unageuza, unamimina wa pili.

SHEE: Umesahau msumari. Kabla ya kumimina toboa paipu, pitisha msumari wa inchi 4 kwenye kila ncha. Bila hivyo baada ya miezi paipu inazunguka ndani ya zege, na siku umelala kwenye benchi unasukuma, chuma kinakuzungukia mkononi.

OMARI: Kweli. Na gunia bichi juu yake siku 7. Watu wanalianika juani kama papa wa kukausha, halafu wanalaumu simiti.

SHEE: Na mchanga, jamani, usitoke Shela.

OMARI: Haya, tumeanza.

SHEE: Tumeanza ndiyo! Vile vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyochuja maji ya visima tunayokunywa Lamu. Isitoshe mchanga wa pwani una chumvi, chumvi inakula paipu. Inaoza kutoka ndani, wewe unaona rangi nzuri tu nje.

OMARI: Mimi nasema mkebe wenyewe ndio makosa. Uzito haubadiliki! Mwezi wa pili kilo 25, mwaka wa pili kilo 25. Afanye sahani. Beseni la plastiki liwe kalibu, katikati kipande cha paipu ya plastiki ya inchi moja na nusu, kiache tundu. Ndani weka waya wa banda la kuku, isipasuke ikianguka. Upana sentimita 30, unene 5: kilo 8 na nusu. Unene 3: kilo 5. Anaongeza, anapunguza.

SHEE: Wengine wanatundika majerikeni ya maji. Lita moja, kilo moja.

OMARI: Kwa skwati, kuchuchumaa na chuma mabegani, sawa, yakijazwa mpaka juu. Jerikeni nusu kwenye benchi? Maji yanakwenda huku na huku, chuma kinakuyumbia usoni. Na lazima liwe na kifunio kizuri, si...

SHEE: Omari, dakika 20 zimekwenda kwa mikebe.

OMARI: Umeileta wewe.

SHEE: Basi niiunganishe. Huyu ana kilo 25, hana nyingine. Akienda mpaka mikono ikatae kabisa, hata kama ni repu 25 au 30, yaani kusukuma mara 25 au 30, msuli unakua. Uzito mwepesi unajenga, sharti ufike mwisho. Kwa hiyo seti mbili za kufa na kupona, mara mbili kwa wiki. Nne. Hizo 30 zake zote anaachia akiwa na repu tano za akiba mfukoni.

OMARI: Hapo ndipo tusipopatana. Ile tafiti ya 2019 ya mtafiti wa misuli Brad Schoenfeld na wenzake: wanaume 34 waliozoea vyuma, wiki 8, siku tatu kwa wiki. Kundi moja seti 1 kwa kila zoezi, la pili 3, la tatu 5. Wote walikwenda mpaka kushindwa. Hakuna mwenye repu mfukoni! Na bado misuli ilikua zaidi kwa wenye seti nyingi.

SHEE: Na nguvu?

OMARI: Nguvu zilikuwa sawa.

SHEE: Zilikuwa sawa! Kundi la seti moja lilimaliza mazoezi ya siku kwa dakika 13, la seti tano dakika 68. Nguvu ile ile.

OMARI: Mada ni misuli, Shee. Usihamishe goli.

SHEE: Wiki 8 ni chache. Msuli uliopigwa sana huvimba maji, ukipimwa unaonekana mnene. Nipe mwaka.

OMARI: Huna wewe tafiti ya mwaka inayosema nne zinatosha.

SHEE: Na wewe huna ya mwaka inayosema ishirini.

OMARI: Angalau seti 10 kwa wiki kwa kila msuli, hapo nasimama.

SHEE: Simama. Mimi kwa mvuvi anayevuta nyavu alfajiri, au mbeba mizigo wa gati, sitamwandikia seti kumi za mgongo. Mgongo ule umeshafanya kazi kabla hajashika chuma.

OMARI: Kuvuta nyavu si seti. Haina kipimo, haiongezeki kwa mpango.

SHEE: Uchovu hauulizi kama una mpango.

OMARI: Basi mpunguzie mgongo, usimpunguzie kifua! Kifua hakivuti nyavu.

SHEE: Mwili mmoja, usingizi mmoja, sahani moja ya wali.

OMARI: Hapo sikubali.

SHEE: Usikubali.

OMARI: Kupumzika hatujagusa. Jibu la haraka: pumzika dakika 3 kati ya seti nzito, si sekunde 60.

SHEE: Na protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Samaki, mayai, pojo... hesabu yake tulitaka kuifanya kwa bei ya soko, haitatosha sasa.

OMARI: Adhana hiyo.

SHEE: Zima, Omari, watu wanatawadha.