Anzieni Makaburini: Mhadhara kuhusu Urithi wa Wachina wa Ng'ambo

Mwenyekiti ameniomba niguse chakula na ngoma ya simba. Nitagusa, muda ukiruhusu. Wanaonifahamu wanajua hautaruhusu.

Mchina wa Penang kule Malaysia, wa Singapore au wa Medan kule Indonesia aliyepoteza lugha ya babu zake bado ana hati moja ambayo karani wa kikoloni hakuigusa: jiwe la kaburi. Karani ndiye aliyevuruga mambo, alipoandika majina kwa herufi za Kirumi kama alivyoyasikia katika lahaja za Kichina: Kihokkien, Kikantoni, Kihakka. Ukoo wenye herufi 陈, Mhokkien akiutaja aliandikiwa Tan, Mkantoni akaandikiwa Chan, Mhakka Chin. Jina moja likawa matatu. Kinyume chake, koo mbalimbali kupewa jina moja, ni kibaya zaidi: Ng wa Kihokkien ni 黄, Ng wa Kikantoni ni 吴 au 伍. Hao wanakumbatiana harusini na kuitana ndugu, kumbe wapi!

Basi chukueni maji safi, brashi laini, tochi na simu. Anayekuja na brashi ya waya au asidi arudi nayo nyumbani, maana ataondoa ukoga pamoja na maandishi. Lowesha jiwe, sugua taratibu kuanzia chini kwenda juu. Herufi zikiwa zimefifia, mulika kutoka ubavuni, si kutoka mbele; kivuli kitazikalia kwenye mitaro yake nawe utaziona. Piga picha ya jiwe zima, kisha kila safu peke yake.

Maandishi husimama wima na husomwa kulia kwenda kushoto. Safu ya katikati ni ya marehemu: 显考 ni baba, 显妣 ni mama. Pembeni, mara nyingi kushoto, wamo watoto na wajukuu. Juu kabisa, au mabegani pa jiwe, kuna herufi mbili ambazo watu hudhani ni pambo. Ndizo hizo! Mara nyingi hilo ni jina la wilaya alikotoka.

Tazameni Haicheng. Ukoo wa Khoo wa Penang, wenye lile jumba la mwaka 1906, asili yake ni wilaya hiyo, jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China. Ukitafuta "Haicheng" kwa herufi za Kirumi, ramani yaweza kukupeleka Liaoning, kaskazini-mashariki, pembe nyingine ya China. Matamshi ni yaleyale, herufi mbalimbali: Fujian ni 海澄, Liaoning ni 海城. Tena wilaya ile ya Fujian haipo. Mwaka 1960 iliunganishwa na Longxi, ikazaliwa Longhai. Mtu anakata tiketi, anafika kusiko, anarudi akilia kwamba ukoo umepotea. Aliyepotea ni yeye.

Miaka nayo ina mitego. 民国 12, yaani mwaka wa 12 wa Jamhuri ya China, maana yake jumlisha 1911, upate 1923. Enzi ya mfalme Guangxu, jumlisha 1874. Mzunguko wa miaka 60, ambao majina ya miaka hujirudia, ndio msumbufu: mwaka 甲子 waweza kuwa 1864, 1924 au 1984, kwa hiyo linganisha na umri wa watoto. Na kwa hesabu ya kale ya Kichina mtoto huhesabiwa mwaka mmoja siku anayozaliwa; umri ukizidi, msimlaumu mchongaji.

Yupo atakayesema, "Sisi hatusomi Kichina." Nani kawaambia msome? Nimesema pigeni picha, wasomaji wapo. Indonesia, mwaka 1967, serikali ya Suharto ilizuia mila za Kichina hadharani, na amri hiyo haikufutwa hadi mwaka 2000. Kina Lim wengi wakawa Salim na Halim. Kwenye makaburi ya wazee wao, Lim ni 林 mpaka leo.

Wala msingoje. Singapore sasa kaburi jipya hupewa miaka 15, kisha hufukuliwa. Bukit Brown, hukohuko Singapore, penye makaburi yapatayo 100,000, zaidi ya 3,700 yaliondolewa kupisha barabara.

Shairi la ukoo nalitaja mbiombio: kila kizazi huchukua humo herufi yake ya jina, kwa zamu. Kwa kina Kong, uzao wa Confucius, mwenye 祥 ni kizazi cha 75, mwenye 德 ni cha 77. Wakikutana wasiojuana, wa 德 ndiye wa kutoa shikamoo, hata kama ana mvi kichwa kizima.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Shule na barua za fedha basi tena. Qingming, siku ya kuzuru na kusafisha makaburi, huangukia karibu na tarehe 5 Aprili, familia zitakuwa makaburini kwa vyovyote vile. Pigeni picha kabla mishumaa haijawashwa, nta isije ikamwagikia safu ya chini. Ngoma ya simba mtaiona mwaka mpya.