Siku Kumi za Mbwa Aliyeuma

SAUDA: Karibuni tena. Leo tunaye mbwa aliyekwisha kuuma mtu, na hofu yetu ni kichaa cha mbwa. Kaka Okello, huku kwetu habari ikifika tu, watu wanashika marungu.

OKELLO: Na wanalenga kichwa! Sasa, maabara inapima ubongo, hasa shina lake na ubongo mdogo wa nyuma. Ukishauponda, jibu umelitupa.

SAUDA: Kwa hiyo tumwache hai.

OKELLO: Kama hana dalili na anashikika, ndiyo. Mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji hapa Uganda, aitwe daktari wa mifugo. Mbwa au paka atazuiliwa siku 10, na zinahesabiwa tangu siku aliyouma, si siku daktari alipofika.

SAUDA: Mbona 10 tu? Ugonjwa huu si hujificha miezi?

OKELLO: Hujificha, ila wakati huo hauko kwenye mate. Virusi vinapanda kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni, ndipo vinashuka kwenye tezi za mate. Vikifika huko, mnyama anaugua na kufa ndani ya siku chache. Akiwa mzima siku ya 10, basi alipouma mate yake hayakuwa na virusi. Hilo tu ndilo tumelithibitisha, dada. Hatujasema hatakuja kuugua mwezi ujao.

SAUDA: Mwenye mbwa akileta kadi ya chanjo?

OKELLO: Anazuiliwa vilevile. Na asichanjwe katikati ya siku hizo, maana akizubaa kwa sababu ya sindano utadhani ni ugonjwa. Kamba ya katani kwenye mwembe si kizuizi, anaitafuna usiku. Mtie kwenye banda lenye mlango, chakula kisukumwe kwa chini, mtu mmoja amwangalie asubuhi na jioni.

SAUDA: Anaangalia nini? Wengi wanangoja mbwa mkali tu.

OKELLO: Yule mpole ndiye anayetudanganya. Taya limelegea, udenda unatiririka, sauti imekauka, hamezi. Mwenye mbwa anadhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono mdomoni.

SAUDA: Lo! Na aliyeumwa, naye angoje siku 10?

OKELLO: Hata saa moja asingoje. Aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya. Chanjo inaanza leo, hiyo ndiyo siku 0, halafu 3 na 7, na nyingine kulingana na ratiba ya kituo. Kama ngozi imetoboka, kuna pia imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, inayochomwa ndani ya kidonda na kukizunguka. Mbwa akivuka siku ya 10 salama, chanjo zilizobaki zinasimamishwa.

SAUDA: Na mbwa akitoroka?

OKELLO: Mhesabu mbwa huyo kuwa ana kichaa, aliyeumwa amalize dozi zote. Mbweha na nguchiro pia hawana siku 10, hiyo hesabu ni ya mbwa na paka.

SAUDA: Akifia bandani je?

OKELLO: Msimzike. Daktari wa mifugo, mwenye glavu na miwani, akate kichwa kizima, kiingie mifuko miwili ya plastiki, kisha kisanduku chenye barafu, kiende maabara ya mifugo Entebbe siku hiyohiyo. Kwa joto letu ubongo unaoza upesi. Formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, hapana, friza nayo hapana: ukigandishwa, wanangoja uyeyuke na jibu linachelewa. Juu andika tarehe ya kuuma na simu ya kituo anakotibiwa mtu, ili jibu limfikie na aliyeumwa.