Meza Moja, Bili Tatu

Mhadhara kwa vijana waandishi wa programu, Njiro, Arusha

Asanteni, kaeni. Walionisikia kabla wanajua nitakakofika, na hapo mbele naona mmoja ameshaanza kucheka. Cheka, lakini andika.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kazi ya mjasiriamali wa programu za migahawa. Ya kwangu nayaacha, mengi ni madeni. Nitawasimulia habari za mtu anaitwa Gene Mosher, halafu twende Kwa Mrombo, kule kwenye nyama choma hapa Arusha, na muda ukibaki tutagusa habari za pesa. Muda huwa haubakigi.

Mosher alikuwa na mgahawa wake Syracuse, jimbo la New York. Sikieni vizuri: mwenye mgahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kompyuta ya Apple II ilipokuwa bado kitu cha ajabu, yeye aliipeleka mgahawani akaanza kujiandikia programu. Mwaka 1986 akaenda kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX kule Las Vegas na mfumo alioupa jina ViewTouch. Ulikuwa unaendeshwa na Atari 520ST, mashine ya kampuni ambayo wengi waliijua kwa michezo ya watoto. Skrini ya rangi, unaigusa kwa kidole. Gusa meza, gusa chakula, oda imeingia. Mwaka 1986, jamani! iPhone imetoka 2007. Na baadaye akaiachia programu hiyo huria, mtu yeyote aichukue na kuichokonoa.

Najua mnachofikiria: mzee ametuletea historia. Ngoja. Kabla ya Mosher kuna James Ritty, mwenye baa huko Dayton, Ohio. Wafanyakazi walikuwa wanamla pesa. Akiwa melini kuelekea Ulaya akaona mtambo unaohesabu mizunguko ya rafadha, akajiuliza kwa nini mauzo ya baa nayo yasihesabiwe hivyo. Mwaka 1879 yeye na ndugu yake wakapata hataza ya mashine ya keshia. Baadaye ikaangukia mikononi mwa John Patterson, ambaye mwaka 1884 aliijenga kuwa National Cash Register. Basi hao wawili ndio mababu wa biashara yenu, na hawafanani. Mashine ya Ritty inamwangalia mfanyakazi kama mwizi. Skrini ya Mosher inamwangalia kama mtu mwenye haraka ambaye mkono mmoja umebeba sinia.

Sasa nendeni mkauze programu hapa mjini. Kila mwenye baa atakwambia jambo lilelile: "Kijana, nataka nijue nani ananiibia." Anataka ya Ritty. Na wewe kwa sababu unataka hela yake unamtengenezea ya Ritty, na kamera juu. Wiki inayofuata unapigiwa simu: mashine imegoma. Haijagoma. Wahudumu wameigomea. Mara bando limeisha, mara kishikwambi kimemwagikiwa supu, mara neno la siri limesahaulika kwa watu wote sita siku moja. Mwenye mgahawa ndiye analipa, lakini programu inaishi au inakufa mikononi mwa mhudumu, na mhudumu hujamuuliza hata jina.

Muulizeni anaishije. Kwenye baa nyingi bia ikitoka kaunta imeandikwa kwake. Mteja akiaga kwamba anaenda chooni akapitia mlango wa nyuma, deni ni la mhudumu. Ndiyo maana kuna baa chupa tupu haziondolewi mezani mpaka ulipe. Zile chupa ndizo hesabu, tena hesabu ambayo mlevi hawezi kuipinga. Dada yule ana kijidaftari kwenye aproni ambacho hakuna programu yenu imewahi kukishinda, kwa sababu kinamlinda yeye. Programu yako inamlinda nani?

Sasa Kwa Mrombo. Au Sakina, au ukiwa Moshi nenda Majengo ama Rau, popote penye moshi wa nyama. Mmekaa watu wanne. Bia inatoka kaunta, ya mwenye baa. Nyama je? Jiko mara nyingi amekodishwa mtu mwingine kabisa, ana mkaa wake, mbuzi wake, kijana wake wa kuchoma, na pesa yake haiingii kwenye droo ya baa hata shilingi. Chipsi na ndizi za kuchoma pale pembeni, pengine ni mtu wa tatu. Meza moja, bili tatu, mhudumu mmoja anayezunguka kotekote akikumbuka nani anadai nini. Mteja anataka kulipa mara moja aende zake. Anayepigia mahesabu hayo ni dada wa bia, na hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo.

Fungueni programu yoyote iliyoandikwa nje. Inadhani mgahawa ni mwenye mali mmoja, jiko moja, droo moja. Na inadhani chakula kina bei! Mbuzi hana bei, ana kilo. Mteja anakwenda mwenyewe mpaka kwenye ndoano, anaonyesha mguu, "hapo hapo, usiniwekee mfupa mwingi", inapimwa, kilo na robo, halafu wanavutana kuhusu ile robo. Hiyo robo utaiweka kitufe gani? Na nyama inakaa motoni muda mrefu, katikati hapo wameongezeka wageni wawili, mmoja anataka supu, mwingine amesema bia zote za meza hii ziandikwe kwake isipokuwa za shemeji. Mfumo ukishindwa kuandika "isipokuwa za shemeji" kaeni nao nyumbani.

Kuna kijana ameinua mkono, nakuona, unataka kusema "tutaongeza kipengele cha kugawa bili". Sicho hicho! Kugawa bili ni kuchukua moja ukaikata. Hapa zilianza tatu, za watu watatu wasioaminiana, na kila mmoja anataka usiku ukiisha ajue chake bila kumwonyesha mwenzake. Ukiliweza hilo, una biashara. Na jiko lenyewe litakulipa, kwa sababu mwenye jiko ndiye anayepunjwa kuliko wote.

Mwingine atasema: mbona Toast, wale wauza mifumo ya migahawa, wamefanikiwa Marekani bila habari za shemeji? Vizuri. Steve Fredette, Aman Narang na Jonathan Grimm walitoka kampuni ya Endeca, ile iliyonunuliwa na Oracle mwaka 2011. Walianza na programu ya mteja kulipia chakula kwa simu. Ikawashinda kuiunganisha na mashine kongwe zilizokuwa migahawani, wakageuka wakajenga mfumo wa mgahawa wenyewe, kwenye vishikwambi vya Android. Aprili 2020, migahawa ilipofungwa kwa korona, wakapunguza karibu nusu ya wafanyakazi. Septemba 2021 wakaingia soko la hisa New York wakiwa na thamani inayozidi dola bilioni 20. Mnaipenda sehemu hii ya mwisho, naona mmekaa vizuri.

Lakini angalieni hela inatoka wapi. Sehemu kubwa ya mapato yanayoandikwa kwenye vitabu vyao ni makato ya malipo ya kadi, siyo ada ya programu. Kila sahani inayolipiwa, wanaonja. Hapa sahani inalipiwa keshi au kwa lipa namba, na makato ya simu yana wenyewe, M-Pesa ipo Tanzania tangu 2008. Kwa hiyo ukinakili bei za Toast, ukampa mwenye baa mfumo karibu bure ukingoja makato, utangoja sana. Hapa utauza programu kama programu, kwa mwezi, na utaifuata hela yako kwa miguu.

Naonyeshwa saa. Nilitaka niseme kuhusu mashine za EFD, zile za risiti za kodi, kwamba tangu 2010 zipo na bado watu wanauza mifumo isiyozungumza nazo, dada anapiga oda mara mbili. Hilo ni aibu tu, halina maelezo. Umeme na intaneti vinakatika: mfumo wako ukihitaji intaneti ili uandike chai moja, usiulete. Wawekezaji nimewaruka, mtawapata kwingine, wanaongelewa kila siku.

Haya, maswali. Wewe wa kugawa bili, anza.