Kutoka Copenhagen hadi Ubao wa Matangazo wa Shule

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu. Wenzetu wa Ukerewe mliokuja na boti ya asubuhi, poleni na mawimbi.

Nimeombwa nizungumzie miungano ya asasi za kiraia inayofuatilia ahadi za serikali. Nitaanzia mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, maana wengi humu tumesomeshwa na samaki. Mvuvi akipeleka sangara kwa mnunuzi, macho yake yako kwenye mizani. Mnunuzi anaweza kuwa shemeji yake. Bado atainama asome mshale, na hakuna atakayemwita mkorofi. Mvuvi huyo huyo akisimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza fedha za zahanati, ataulizwa katumwa na nani.

Machi 1995, wakuu wa nchi na serikali 117 walikutana Copenhagen, kule Denmark, kwenye Mkutano wa Dunia wa Maendeleo ya Jamii. Wakatoka na ahadi 10, zikiwemo kuondoa umaskini, ajira, usawa wa wanawake na wanaume, elimu na afya kwa wote. Lilikuwepo na pendekezo la ishirini kwa ishirini: anayetoa misaada aelekeze asilimia 20 ya misaada hiyo kwenye huduma za msingi za jamii, na anayepokea aelekeze huko asilimia 20 ya bajeti yake. Lakini lilikuwa la hiari. Sisi wa vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, tunajua deni la hiari hulipwa lini.

Miezi sita baadaye ukaja mkutano wa wanawake wa Beijing, na Katibu Mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. (Naona watu wa Nansio mmekaa vizuri vitini.) Mwaka huo huo ukazaliwa mtandao unaoitwa Social Watch, wenye ofisi yake Montevideo, Uruguay. Kazi yake si ngumu kuieleza: serikali inaandika ripoti yake, na asasi za nchi hiyo hiyo zinaungana na kuandika yao, juu ya ahadi zile zile. Zikiwekwa meza moja, utaona zinapoachana.

Baadaye yakaja Malengo ya Milenia, 2000, halafu Malengo ya Maendeleo Endelevu, 2015, na Novemba 2025 wakubwa wakakutana tena, safari hii Doha. Hapo sitakaa. Ninapotaka kukaa ni shuleni.

Chukueni shule ya msingi yenye wanafunzi 800. Katika mpango wa elimu bila malipo ulioanza 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 za vitabu zinabaki juu, serikali kuu, 6,000 zinafika shuleni. Pigeni hesabu. Ni shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kila mwezi. Hiyo ndiyo Copenhagen ikiwa imeshuka boti. Sasa unakwenda kwenye ubao wa matangazo kuona kilichoingia.

Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, shule moja ya kando ya ziwa. Nikaulizwa, "Mama, una mtoto hapa?" Sikuwa naye. Nikaaga. Mara ya pili tulikwenda wa kikundi cha akina mama, wavuvi, vijana wa msikitini na kwaya ya kanisa, wengi wao wazazi pale pale, wote na fomu moja yenye maswali yale yale. Mwalimu mkuu akafungua faili.

Na niwaambie ukweli, nilikwenda nikitafuta mwizi. Sikumpata. Fedha zilikuwa zinafika kwa kuchelewa, nusu nusu, na mwalimu alikuwa anakopa chaki dukani kwa jina lake mwenyewe. Kumbe swali letu halikuwa la pale. Lilikuwa la halmashauri. Halmashauri nao wakatuonyesha juu.

Hapo ndipo nilipouelewa muungano. Swali la fedha hupanda ngazi, na hakuna kikundi kimoja chenye miguu ya kuzipanda zote. Kwaya inamfahamu mwalimu. Asasi ya wilaya inamfahamu mweka hazina. Wenzetu wa Dodoma wanakisoma kitabu cha bajeti kabla hakijapitishwa. Na serikali yetu ilipopeleka Umoja wa Mataifa ripoti yake ya hiari juu ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, 2019 na tena 2023, kulihitajika mtu kule mwenye namba za kisiwa cha Ukara mkononi, kwa sababu wastani wa nchi haujui habari za mama aliyeshikwa na uchungu usiku wakati kivuko kimelala.

Sheria iko upande wenu. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ni ya 2016.

Nina neno moja chungu. Tunadai risiti za halmashauri, ila ni asasi ngapi humu zimebandika za kwao? Ile semina ya siku 3 hotelini ilikula kiasi gani? Mnacheka, lakini mtendaji wa kijiji ataliuliza hilo kabla ya lolote, na atakuwa na haki.

Fomu ziko pale mlangoni, ukurasa mmoja tu. Kila kikundi kichukue za shule 2 na zahanati 1, na wa visiwani mchukue kwanza, boti haiwasubiri.