Nafasi Arobaini: Majira ya Baridi ya Dodgers, 2023–2024

Mabibi na mabwana, karibuni.

Tarehe 11 Desemba 2023 klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers ilimtangaza rasmi nyota Shohei Ohtani, kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 700. Siku hiyohiyo klabu ilifanya jambo jingine ambalo wengi hawakuliona. Iliwapeleka Victor González, mrushaji (yule anayemrushia mpigaji mpira) wa mkono wa kushoto, na Jorbit Vivas kwa New York Yankees, ikapokea kijana mmoja tu, Trey Sweeney, ambaye wakati huo alikuwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Wawili kwa mmoja, tena mmoja ambaye hajathibitika. Ukiitazama biashara hiyo peke yake utasema wamepunjwa. Lakini Ohtani na mrushaji Joe Kelly walikuwa wanakuja, kila mmoja alihitaji nafasi kwenye orodha, na orodha ilikuwa imejaa. Nataka tuutazame usajili wa besiboli kupitia hizo nafasi, kwa sababu ukizielewa, mambo mengi ya majira yale yanaacha kuwa fumbo.

Kila klabu ya ligi kuu ya Marekani ina orodha ya wachezaji 40. Kati yao 26 ndio wanaovaa na kucheza. Septemba wanaongezwa hadi 28. Waliobaki wako ligi za chini, lakini mikataba yao ni ya ligi kuu. Ukitaka kumsaini mchezaji huru kwa mkataba wa ligi kuu, lazima awe na kiti ndani ya hizo 40. Hakuna kiti, hakuna usajili, hata uwe na hazina ya namna gani.

Kwa sisi tuliozoea kandanda kuna jambo la kuweka sawa mapema. Kwenye kandanda klabu humuuza mchezaji, fedha ikaingia, naye akakubaliana mshahara mpya na mwajiri mpya. Kwenye besiboli klabu hubadilishana wachezaji kwa wachezaji, na mkataba humfuata mchezaji kama ulivyo: mshahara uleule, miaka ileile. Kwa kawaida yeye mwenyewe hana kauli. Anaweza kukataa ikiwa mkataba wake una kifungu cha kukataa, au ikiwa ametumikia ligi kuu miaka 10 na mitano ya mwisho ameitumikia klabu hiyohiyo.

Miaka hiyo huhesabiwa kwa siku. Siku 172 kwenye ligi kuu ni mwaka mmoja wa utumishi. Mpaka mchezaji afikishe takriban miaka mitatu, klabu humlipa inavyotaka ili mradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000. Kati ya miaka mitatu na sita ana haki ya usuluhishi: yeye anataja kiasi, klabu inataja chake, na wasuluhishi watatu wanachagua kimoja kati ya viwili. Hawaruhusiwi kukata katikati. Ndiyo maana kesi nyingi humalizwa kabla ya kusikilizwa, kwa kuwa anayetaja kiasi cha kupita mpaka anajihukumu mwenyewe. Akifikisha miaka sita, ni mchezaji huru.

Sasa tazama jinsi siku moja inavyoweza kuwa na bei. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwacha Kris Bryant ligi za chini mwanzoni mwa msimu, kisha wakamwita. Alimaliza na siku 171. Siku moja pungufu, na uhuru wake ukasogea mwaka mzima mbele. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 akashindwa. Klabu haikuvunja sheria yoyote, ilijua kuhesabu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya mfumo huu inayoumiza zaidi, maana mchezaji bora anaadhibiwa kwa kuwa tayari mapema.

Turudi kwa Dodgers. Msimu wa 2023 walishinda mechi 100, kisha Oktoba wakatolewa na Arizona Diamondbacks mechi tatu kwa bila. Katika mechi hizo warushaji wao walioanza, yaani Clayton Kershaw, Bobby Miller na Lance Lynn, walidumu jumla ya vipindi vinne na theluthi mbili tu. Mrushaji mmoja mzuri hudumu zaidi ya hapo ndani ya mechi moja. Tony Gonsolin na Dustin May walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa mkono. Pengo lilikuwa wazi, na kazi yote ya majira ya baridi ilianzia hapo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kukagua vifungu vya hiari. Mkataba wa Lynn uliipa klabu hiari ya kumbakiza kwa dola milioni 18 au kumwachia kwa fidia ya milioni 1. Wakamwachia. Wa Joe Kelly ulikuwa na hiari ya milioni 9.5, nao ukiwa na fidia ya milioni 1. Wakakataa, wakalipa fidia, halafu Desemba wakamsaini upya kwa milioni 8. Ukijumlisha unapata milioni 9, yaani wameokoa nusu milioni. Faida nyingine ilikuwa kiti: tangu Novemba hadi Desemba nafasi ya Kelly ilikuwa wazi, na Novemba ndio mwezi ambao nafasi ni adimu kuliko miezi yote.

Uadimu huo una sababu mbili. Wakati wa msimu, mchezaji mwenye jeraha la muda mrefu huwekwa kwenye orodha ya majeruhi ya siku 60, na humo hahesabiki katika wale 40. Fainali zikiisha, orodha hiyo inafungwa. Siku tano baadaye kila majeruhi lazima arudishwe ndani ya 40, hata kama mkono wake bado una nyuzi za mshono. Gonsolin na May walirudi kwa njia hiyo: viti viwili vimekaliwa na watu ambao kila mmoja alijua hawatarusha mpira mpaka msimu uwe umekwenda mbali.

Sababu ya pili ni uteuzi wa wachezaji wa Desemba unaoitwa wa Kanuni ya 5. Kijana aliyesainiwa akiwa na miaka 18 au chini ana misimu mitano ya kulelewa ligi za chini. Aliyesainiwa akiwa na 19 au zaidi ana minne. Baada ya hapo, kama klabu haijamweka ndani ya 40, klabu nyingine inaweza kumchukua kwa dola 100,000. Anayemchukua lazima ambakize kwenye timu ya 26 msimu mzima unaofuata. Akishindwa, na hakuna klabu nyingine iliyomdai, klabu ya zamani lazima ipewe nafasi ya kumrudisha kwa nusu ya bei. Kwa hiyo kila Novemba wakurugenzi hukaa usiku wakipima: huyu tumpe kiti, au tubahatishe kwamba hakuna atakayethubutu kumbeba mwaka mzima? Kanuni hii inatuhusu pia Afrika Mashariki. Dodgers wana chuo cha besiboli huko Mpigi, Uganda, na mwaka 2022 waliwasaini Ben Serunkuma na Umar Male. Kijana wa Uganda akiingia mfumo huo, saa hii inaanza kumhesabia, na umri aliosaini nao ndio unaoamua urefu wake.

Sasa mnaweza kuiona biashara ya Sweeney kwa jicho jingine. González na Vivas wote wawili walikuwa ndani ya 40. Sweeney hakuwa. Alitoka chuo kikuu na kusainiwa mwaka 2021, hivyo hakuhitaji kulindwa mpaka mwishoni mwa 2024. Dodgers walitoa viti viwili, wakapokea kipaji ambacho hakikalii kiti kwa karibu mwaka mzima. Na Julai 2024 walimpeleka Sweeney pamoja na Thayron Liranzo kwa Detroit Tigers, wakampata Jack Flaherty. Oktoba hiyo Flaherty ndiye aliyeanza mechi ya kwanza na ya tano za fainali dhidi ya Yankees, walewale waliomtoa Sweeney.

Si kila kiti kilifunguliwa kwa faida. Januari 2024 mrushaji Bryan Hudson alipelekwa Milwaukee Brewers kwa malipo madogo, kwa sababu ya msongamano uleule. Msimu uliofuata akawa mmoja wa warushaji bora wa akiba, yaani wanaoingia mechi ikiwa imeshaanza, katika ligi yake. Klabu inapomwondoa mchezaji kwenye 40 ina siku saba tu za kumbadilisha, au kumtangaza ili klabu yoyote imdai bila kutoa mchezaji. Kila mtu anajua umebanwa, kwa hiyo hakuna anayekupa bei nzuri. Mwenye busara humwondoa mtu wiki mbili kabla ya kubanwa.

Kuhusu fedha, nitaanza na kodi, maana bila kodi mkataba wa Ohtani haueleweki. Mwaka 2024 klabu iliyopitisha dola milioni 237 za mishahara ilitozwa kodi. Anayepitisha kwa mara ya kwanza hulipa asilimia 20 ya kilichozidi, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu na kuendelea 50. Juu ya hapo kuna nyongeza kila unapopanda ngazi ya milioni 20, na ukivuka milioni 297 nyongeza ni asilimia 60. Dodgers walikuwa kwenye asilimia 50 tayari, hivyo kila dola juu ya 297 ilitozwa asilimia 110. Mchezaji wa dola milioni 10 anakugharimu milioni 21. Mwisho wa 2024 walilipa kodi ya takriban milioni 103.

Kodi haihesabu mshahara unaolipwa mwaka huo. Inahesabu wastani wa mkataba. Ohtani anapokea milioni 2 kwa mwaka, na milioni 68 za kila mwaka zinasubiri kulipwa kati ya 2034 na 2043 bila riba. Kwa kuwa dola ya mwaka 2034 ina thamani ndogo kuliko ya leo, ligi huikata kwa kiwango cha riba, na kwa ajili ya kodi mkataba wake ukahesabiwa takriban milioni 46 kwa mwaka badala ya 70. Tofauti ni milioni 24. Izidishe kwa asilimia 110: karibu milioni 26 za kodi zimeepukwa kila mwaka ambao klabu iko ngazi ya juu. Wengine husema huu ni ujanja wa kukwepa deni. Mimi siafiki: klabu inalazimika kutenga thamani ya leo ya deni hilo, fedha halisi, mapema kabla ya kulipa. Aliyepoteza ni Ohtani, kwa hiari yake, ili klabu ipate nafasi ya kununua warushaji.

Nao wakanunua. Yoshinobu Yamamoto, mwenye miaka 25, alitoka Orix Buffaloes ya Japani kwa miaka 12 na dola milioni 325. Mchezaji anayetoka Japani kabla ya kuwa huru huko huwa na ada ya kuachiwa, na hesabu yake ni hii: asilimia 20 ya milioni 25 za kwanza, ambayo ni milioni 5, asilimia 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, milioni 4.375, na asilimia 15 ya zilizobaki. Kwake zilibaki milioni 275, zikatoa milioni 41.25. Jumla milioni 50.625 zikaenda Orix. Ada hiyo haiingii kwenye hesabu ya kodi, jambo linalomfanya mchezaji wa Japani awe nafuu zaidi kwa klabu tajiri kuliko bei yake inavyoonyesha.

Tyler Glasnow alikuja kwa njia ya tatu. Tampa Bay Rays walimtoa yeye na Manuel Margot, wakapokea Ryan Pepiot na Jonny DeLuca. Wawili kwa wawili, wote ndani ya 40, hivyo viti havikuguswa. Rays walipata vijana wenye miaka mingi kabla ya uhuru, kitu ambacho klabu yenye mapato madogo hukithamini kuliko jina kubwa. Dodgers waliweka sharti: biashara isikamilike mpaka Glasnow akubali nyongeza ya mkataba. Akakubali, jumla ikafika miaka mitano na takriban milioni 136. Mwaka 2023 alikuwa amerusha vipindi 120, na hiyo ndiyo ilikuwa rekodi yake. Mwaka 2024 akafika 134, kisha kiwiko kikamwangusha Agosti na hakucheza mechi za mtoano. Ukimnunua mtu mwenye historia ya jeraha, panga mapema nani atarusha vipindi asivyoweza yeye.

Hapo kuna kosa ambalo watazamaji hulifanya kila mwaka: kuhesabu mkataba kabla ya daktari. Mwishoni mwa 2022 Carlos Correa alikubaliana na San Francisco Giants miaka 13 kwa milioni 350. Madaktari wakatilia shaka kifundo cha mguu. Akaenda New York Mets, milioni 315, mguu uleule ukaleta mashaka yaleyale. Januari 2023 akasaini na Minnesota Twins miaka sita, milioni 200. Kwa hiyo usimtoe mchezaji ili kufungua kiti mpaka vipimo vya anayekuja viwe mezani.

Februari msongamano hulegea, kwa sababu kambi za mazoezi zikifunguliwa, orodha ya siku 60 hufunguka tena. Dodgers walisubiri siku hiyo. Kershaw, aliyefanyiwa upasuaji wa bega Novemba, alisaini kambi ilipoanza na akawekwa kwenye orodha hiyo ya majeruhi, ambako hakalii kiti. Mwishoni mwa mwezi Margot, ambaye alikuwa amekaa nao miezi miwili tu, alipelekwa Twins, na siku ileile Kiké Hernández akarudi kuchukua nafasi yake.