Namba sita wa Ngong na punda mweupe wa Lamu

MWANAIDI: Haya Bakari, anza na Jumapili. Tangu juzi unanipa hadithi nusunusu.

BAKARI: Nilikuwa Ngong, kwenye farasi. Nilikwenda na elfu mbili na lile daftari langu la hesabu za farasi, wasikilizaji wanalijua. Mbio ya nne kulikuwa na namba sita, ubao unamlipa kumi na nne kwa moja. Mimi nilishampigia hesabu nyumbani: mara mbili zilizopita alibebeshwa uzito mkubwa, safari hii amepunguziwa. Nikaenda dirishani nikaweka elfu nzima kwenye tote. Kugeuka kutazama ubao, kumi na nne imekuwa tisa. Dada, aliyeishusha ni mimi!

MWANAIDI: Wewe peke yako?

BAKARI: Peke yangu. Kwenye tote si kwamba unabeti na kampuni, mnabeti nyinyi kwa nyinyi. Pesa zote zinaingia kapu moja, mwenye kapu anakata chake, kilichobaki wanagawana waliopatia. Hong Kong, kwenye dau la mshindi, wanakata asilimia 17.5. Mkitia elfu moja, inayorudi kugawanywa ni 825. Yaani farasi hawajatoka getini na mmeshapungukiwa. Na kapu likiwa dogo, pesa yako mwenyewe inakuharibia bei, yaani kile farasi wako atakacholipa.

MWANAIDI: Na namba sita?

BAKARI: Wa tano.

MWANAIDI: Ulimtazama lakini? Pale wanapozungushwa kabla ya mbio?

BAKARI: Nilikuwa kwenye foleni ya dirisha.

MWANAIDI: Hapo ndipo ulipokosea. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na punda watatu Lamu, wanabeba mchanga na mawe kutoka majahazini. Mashindano ya punda ya Maulidi yakikaribia, alikuwa haulizi punda gani alishinda mwaka jana. Anamfuata mnyama, anamwekea kiganja hapa chini ya mbavu, anasikiliza pumzi. Anatazama masikio. Anatazama anavyosimama akiwa hana mzigo.

BAKARI: Tumeanza punda.

MWANAIDI: Subiri. Mwaka mmoja kulikuwa na punda mweupe, mji mzima unamtaja. Kubeti hatukubeti, kwetu kamari ni haramu na wazee hawakuichezea, lakini kila baraza lilikuwa na mshindi wake, na mabaraza yote yalisema mweupe. Babu akasema hashindi, anapumzisha mguu mmoja tu wa nyuma. Punda mzima hubadilisha, huu kisha ule. Yule alikuwa habadilishi.

BAKARI: Akashindwa?

MWANAIDI: Alitoka mbele. Kufika katikati ya pwani yule kijana aliyempanda, unajua wanavyokaa nyuma kabisa bila tandiko, anampiga visigino na punda ndiyo kwanza anapunguza. Akapitwa na kapunda ka kijivu ambako hakuna aliyekuwa anakajali.

BAKARI: Basi hiyo ndiyo hoja yangu! Kungekuwa na tote siku ile, mweupe angelipa senti na yule wa kijivu angelipa kumi na kitu. Babu alipata bei nzuri.

MWANAIDI: Babu alipata punda. Bei umeileta wewe.

BAKARI: Mwanaidi, anayependwa na wengi hushinda karibu mbio moja kati ya tatu. Ukimfuata yeye kila mara, utashinda sana na bado pesa itaisha, kwa sababu analipa kidogo. Bill Benter, yule Mmarekani aliyekwenda Hong Kong miaka ya 1980 baada ya makasino ya Las Vegas kumfukuza kwenye karata, alikuwa na kompyuta na data ya kila farasi. Hata hivyo hesabu yake ilikaa sawa alipochanganya makadirio yake na bei ya umati. Kaliandika mwenyewe mwaka 1994. Kila jicho pale wanapozungushwa farasi limeshaingia kwenye bei.

MWANAIDI: Jicho la babu halikuingia.

BAKARI: Mara moja! Nipe mara mia.

MWANAIDI: Benter alikuwa na mara mia, wewe una daftari. Na yeye alikuwa na farasi walewale wanaorudi kukimbia kwenye viwanja viwili tu. Mtu asiye na hivyo abaki na macho yake, au abaki na elfu mbili yake mfukoni.

BAKARI: La mfukoni nakubali. La macho sikubali.

MWANAIDI: Na mimi la bei sikubali.

BAKARI: Fundi anatuonyesha dakika mbili, na yale mambo matano ya kubeti tuliyopanga kuyazungumza leo hatujagusa hata moja. Basi nitaje kanuni ya Kelly, ya mwaka 1956, inayokwambia uweke kiasi gani. Ukiamini farasi ana nafasi moja kati ya nne, na analipa nne juu ya dau lako, unaweka asilimia sita na robo ya mtaji. Kwa elfu mbili ni shilingi 125.

MWANAIDI: Wewe uliweka elfu.

BAKARI: Niliweka elfu. Mengine manne tuyaache. Huo mguu wa punda, ulikuwa upi?

MWANAIDI: Wa kushoto.

BAKARI: Na mji mzima haukuuona?

MWANAIDI: Watu walikuwa wamejipanga upande wa bahari, penye upepo. Babu alikaa ng'ambo, kivulini, kwenye ngazi.