Mnyaa hula usiku

Shikamooni wazee. Wengine, hamjambo? Poleni na jua.

Nikipanda kilima kuja hapa, mawe yalikuwa yananichoma mpaka ndani ya soli. Na juu ya mawe hayohayo kuna ua wa mnyaa, wengine mnauita manyara, kijani kibichi kana kwamba mvua ilinyesha jana. Unakula nini, na saa ngapi?

Jani lina matundu madogo mno, stomata. Likiyafungua, hewa ya ukaa inaingia, nayo ndiyo chakula, lakini maji yanatoka. Likiyafunga, maji yanabaki na njaa inaanza. Mpunga, maharage na pamba yetu hupoteza takriban molekuli 400 za maji kwa kila moja ya hewa ya ukaa wanayoikamata.

Tena kimeng'enya kinachoikamata, protini iitwayo rubisko, hukosea. Mara hushika oksijeni, na joto likizidi makosa yanazidi. Hapo mmea unatumia nguvu kurekebisha, na sehemu ya kaboni iliyokwisha kupatikana inapotea. Kibarua wa namna hiyo ungemfukuza, ila mmea hauna mwingine.

Mahindi, mtama na muwa hawakumfukuza, walimhamisha. Wanasayansi Hatch na Slack waliieleza njia hiyo mwaka 1966, huko Australia, kwa kuchunguza muwa. Mlangoni kuna kimeng'enya kingine, kisichohangaika na oksijeni. Kinaipokea kaboni na kuipeleka ndani, kwenye seli zinazozunguka mishipa, ambako rubisko inaikuta imejaa tele. Pitisheni jani hili la mahindi, liinueni juani. Mnaona mishipa ilivyobanana? Duara la seli zenyewe linataka hadubini. Maji yanayopotea hapa ni kama molekuli 150.

Sasa mnyaa. Shina lake hufungua matundu usiku, kukiwa na ubaridi, likaiweka kaboni kama asidi. Kukicha linafunga, jua linapiga, na rubisko inafanya kazi milango ikiwa imefungwa. Vijani vyake vidogo hufuata njia ya kawaida, na ukame ukija vinapukutika. Mwaka 1815 ilichapishwa barua ya mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, aliyeonja jani la mmea mwingine wa namna hii kule India: asubuhi chachu, mchana halina ladha. Nyie msionje mnyaa! Utomvu wake ukiingia jichoni utajuta.

Mzee pale ameniuliza kuhusu mafunjo: yamesimama ziwani, basi si ni kama mpunga? Nami zamani nilidhani hivyo. Kumbe mafunjo yako upande wa mahindi na mtama. Maji yanayo, lakini jua na joto ni vilevile, na njia hii inahitaji rubisko kidogo, kwa hiyo naitrojeni kidogo.

Kula usiku kuna gharama, maana ghala la asidi likijaa, basi. Nanasi nalo hula hivyo. Waulizeni wakulima wa Geita wanalingoja muda gani.

Haya, mama mwenye kanga ya njano, uliinua mkono.